Minara ya milimani: Jinsi matangazo ya redio na televisheni yanavyoifikia pwani ya Mtwara

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

UKISIMAMA katika ukingo wa Shimo la Mungu, wilayani Newala, nchi inakatika ghafla mbele ya miguu yako. Chini kabisa linaonekana bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni ardhi ya Msumbiji, ikififia hadi macho yanaposhindwa kuifuata.

Mandhari hiyo huwavutia wageni wengi. Kwa fundi wa mitambo ya redio, hata hivyo, ukingo huo una maana nyingine. Kile anachokiona kwa macho kutoka pale, mnara uliosimikwa pale unaweza kukifikia kwa mawimbi yake. Na kile kilichojificha nyuma ya mwinuko, mnara huo nao utakifikia kwa shida.

Hilo la pili ndilo linaloigusa pwani. Sehemu za juu zaidi za Uwanda wa Makonde ziko bara, zikitazama mto na upande wa magharibi, ilhali mji wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vya mdomo wa Ruvuma viko chini, karibu na usawa wa bahari, zaidi ya kilomita 100 kutoka Newala. Mahali pengine nchini, mlima mmoja huweza kuuhudumia mji pamoja na vitongoji vyake vyote. Pwani hii haina mlima wa namna hiyo.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini mitambo ya kurushia matangazo hupandishwa milimani, mambo gani huamua nani asikie na nani asisikie, na kwa nini suala hilo, ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi, linahusu usalama wa mvuvi aliyeko kwenye dau nje ya Msimbati.

Kwa nini mlimani?

Mawimbi ya redio hayafanani. Yale yatumiwayo na vituo vya FM, yaani kati ya megahezi 87.5 na 108, pamoja na yale ya televisheni ambayo masafa yake ni ya juu zaidi, husafiri kwa namna inayokaribia ile ya mwanga. Huenda mkato. Yakikuta kilima, sehemu kubwa ya nguvu zake huzuiwa. Na kwa kuwa dunia ni mviringo, hata pasipo na kilima bado kuna mahali ambapo ardhi yenyewe hujiinamisha na kuyaacha mawimbi yakipita juu angani.

Mahali hapo huitwa upeo wa mawimbi, na umbali wake hutegemea kimo cha antena. Mafundi wana kanuni nyepesi ya kuukadiria: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali kwa kilomita.

Kwa kanuni hiyo, antena iliyo mita 30 juu ya nchi tambarare ina upeo wa takribani kilomita 22. Ikipandishwa hadi mita 100, upeo unafika kilomita 41. Kwa mita 400 unafika kilomita 82, na kwa mita 2,100 unakaribia kilomita 190.

Takwimu hizo zinaonyesha jambo moja muhimu. Ili upeo uongezeke mara mbili, kimo lazima kiongezeke mara nne. Kujenga mnara wa chuma wa mita 400 ni kazi ya gharama kubwa mno. Kupanda kilima cha mita 400 na kusimika juu yake mlingoti mfupi ni kazi inayowezekana. Ndiyo maana mtangazaji hutafuta mlima kwanza, kisha chuma.

Kuongeza nguvu za mtambo hakuondoi kikwazo hicho. Mtambo wenye wati nyingi utasikika kwa uwazi zaidi ndani ya upeo wake, lakini hauwezi kuinyoosha dunia. Msikilizaji aliyeko nyuma ya kilima hubaki katika kile ambacho mafundi hukiita kivuli, kama vile mtu aliyekaa nyuma ya ukuta wakati jua limewaka.

Mifano ya jirani

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni kilele cha Bondwa, katika Milima ya Uluguru. Kilele hicho kina kimo cha zaidi ya mita 2,000 na kinausimamia mji wa Morogoro kama paa. Minara ya mawasiliano imekaa juu yake kwa miaka mingi, na wapandaji wanaopitia Morningside hukutana nayo mwisho wa safari yao, mara nyingi ikiwa imefunikwa na ukungu.

Mkoani Mbeya, minara imesimama kwenye kilele cha Loleza kilicho juu ya jiji. Arusha ina kilima cha Themi. Nchini Uganda, kilele cha Kololo jijini Kampala kina milingoti inayoonekana kutoka pembe nyingi za jiji. Nchini Kenya, miinuko ya Limuru ndiyo iliyobeba matangazo ya televisheni ya Nairobi, na miinuko ya Mazeras, nyuma kidogo ya Mombasa, imetumika kuhudumia mji huo wa pwani.

Mazeras ni mfano unaostahili kutazamwa kwa makini na watu wa Mtwara. Mombasa, sawa na Mtwara, ni mji wa chini ulio kando ya bahari. Tofauti ni kwamba miinuko ya Mombasa iko karibu, mwendo mfupi tu kwa gari, nayo inautazama mji. Mtambo uliopandishwa huko unaiona pwani yote iliyo mbele yake.

Visiwani Zanzibar ambako hakuna milima, mwinuko wa Masingini, ulio juu kidogo ya mita 100, umebeba minara ya utangazaji. Kimo hicho ni kidogo, lakini mbele yake ni bahari tupu isiyo na kizuizi. Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, ilionekana na baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam waliosimika antena ndefu kuelekea Unguja, wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hata kimoja.

Uwanda unaotazama kwingine

Tukirudi kusini, Uwanda wa Makonde si mlima wenye kilele. Ni nchi iliyoinuka kama meza iliyoinamishwa upande mmoja. Upande wa Ruvuma na magharibi ukingo wake ni mkali na mrefu. Upande wa bahari uwanda huo hushuka taratibu kupitia Tandahimba na Nanyamba hadi kufikia pwani.

Wenyeji wa uwanda huo wanazifahamu faida na hasara za kuishi juu. Kwa vizazi vingi waliteremka ukingoni kufuata maji mabondeni, kwa kuwa udongo wa kichanga wa juu hauhifadhi vijito. Kimo hicho hicho kilichowanyima maji ndicho kinachoipa Newala nafasi nzuri kwa mawimbi ya redio.

Tukichukua kimo cha mita 700, ambacho ni cha wastani kwa maeneo ya Newala, upeo unafika takribani kilomita 109. Umbali wa kutoka Newala hadi mjini Mtwara kwa mstari ulionyooka ni takribani kilomita 120. Mlingoti ukiongezwa, na msikilizaji wa Mtwara akiwa na antena juu ya paa, pengo hilo linaweza kuzibwa kwenye karatasi. Katika hali halisi, uwanda wenyewe umelala katikati, na vilima vyake vidogo, minazi na mikorosho hupunguza nguvu za mawimbi kabla hayajafika baharini.

Kwa hiyo mnara wa Newala unafaa sana kwa wilaya yake, kwa bonde la Ruvuma lililo mbele yake, na hata kwa majirani wa ng'ambo. Kwa pwani, unakuwa kama taa iliyowashwa katika chumba cha pili: mwanga unaonekana chini ya mlango, lakini hautoshi kusomea.

Mji wa Mtwara unalazimika basi kutegemea minara yake wenyewe, iliyosimikwa kwenye ardhi ya chini. Hapa hesabu inakuwa ya kubana. Kutoka mjini hadi mdomo wa Ruvuma, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 35. Antena ya mita 50 ina upeo wa kilomita 29. Msikilizaji aliyeshika redio kimo cha mita mbili huongeza kilomita sita hivi. Jumla ni kilomita 35.

Kwa maneno mengine, mdomo wa mto uko pale pale ambapo sauti inaanza kupotea. Mkazi wa kijijini mwenye antena juu ya mti atasikia. Mvuvi aliyeketi ndani ya chombo, redio yake ikiwa karibu na maji, akisogea kilomita chache tu nje ya hapo, anatoka katika upeo huo.

Enzi za masafa ya kati

Wazee wa Mtwara watasema kwamba zamani redio ilisikika bila mnara wowote wa karibu, nao wanasema kweli. Matangazo ya taifa yalikuwa yakienda kwa masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo kanuni zake ni tofauti.

Masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi na kuifuata dunia inavyojipinda, na hupita vizuri zaidi juu ya maji ya chumvi. Usiku huweza pia kugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali na mtambo. Masafa mafupi hutegemea zaidi mrejeo huo wa angani. Mitambo ya namna hiyo haihitaji mlima. Mtambo wa masafa ya kati hupendelea ardhi ya chini yenye unyevu.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ukisikika katika mji huo na maeneo ya karibu tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) chini ya serikali. Katika miaka iliyofuata RTD ilijenga vituo vya kurushia matangazo mikoani, kikiwamo cha Nachingwea kwa ajili ya kusini.

Katika kipindi hicho, kusini ilikuwa mstari wa mbele. Chama cha FRELIMO, kilichoundwa jijini Dar es Salaam mwaka 1962, kilianza vita vya ukombozi Septemba 1964 katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Kupitia mitambo ya RTD, sauti ya wapiganaji hao iliwafikia wananchi wa Msumbiji hadi uhuru ulipopatikana Juni 1975. Mto ulikuwa mpaka wa majeshi, lakini haukuwa mpaka wa redio.

Hali ilibadilika baada ya mwaka 1993, ilipotungwa sheria iliyoruhusu vituo binafsi. Televisheni za kwanza za Tanzania Bara zilianza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa (TVT) ilifuata miaka kadhaa baadaye. RTD na TVT ziliunganishwa katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania, ambayo mwaka 2007 ilipisha Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Vituo vya FM vikaongezeka kwa kasi, Mtwara ikiwa miongoni mwa mikoa iliyopata redio zake.

FM ilileta sauti safi na gharama ndogo. Pamoja na hayo ilileta sharti jipya: kila eneo lililo nje ya upeo linahitaji mnara wake. Redio iliyokuwa ikisikika popote, ingawa kwa mikwaruzo, ikawa redio inayosikika vizuri sana mahali fulani na isiyosikika kabisa mahali pengine.

Somo la vimbunga viwili

Aprili 15, 1952, kimbunga kiliipiga pwani ya kusini na kuua watu 34, mji wa Lindi ukiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Wakati huo Sauti ya Dar es Salaam haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja, na haikuwa na uwezo wa kuifikia kusini. Wakazi wa pwani hiyo hawakuwa na redio ya kuwaonya kwa lugha yao.

Miaka 67 baadaye, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilisogea kutoka upande wa Komoro kuelekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari mapema kwa mikoa ya kusini. Taarifa zilitangazwa redioni na kwenye televisheni, shule zilifungwa, na wakazi wa Mtwara wakaelekezwa kuhama maeneo ya hatari. Aprili 25, kimbunga kiliingia nchi kavu upande wa Cabo Delgado, ambako kiliua zaidi ya watu 40.

Mtwara ilinusurika kwa umbali mdogo. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kiliikaribia tena pwani ya Tanzania na kuishukia Mafia, na tahadhari zikawa za kila saa. Matukio hayo yameondoa dhana ya muda mrefu kwamba vimbunga ni mambo ya Msumbiji na Madagaska tu.

Ni katika saa kama hizo ambapo kilomita 35 huacha kuwa hesabu ya darasani. Tahadhari ya kimbunga ina faida iwapo itamkuta mtu angali na muda wa kuvuta chombo chake pwani na kuihamisha familia yake.

Zipo siku ambazo hali ya hewa yenyewe huongeza upeo huo. Hewa ya joto ikilala juu ya hewa ya baridi iliyo usoni mwa bahari, mawimbi ya FM huweza kunaswa katikati kama maji ndani ya bomba na kusafiri mamia ya kilomita. Ndipo msikilizaji wa pwani anapoweza kunasa kituo cha mbali asichokijua, kisha kesho yake asikipate tena. Usikivu wa namna hiyo ni bahati, na haufai kutegemewa na mtu anayesubiri taarifa ya hatari.

Mpaka unaosikiliza pande mbili

Umuhimu wa usikivu hauishii kwenye hali ya hewa. Mei 22, 2013, wakati bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ikiwasilishwa bungeni Dodoma na serikali ikisisitiza kuendelea na bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, ghasia zilizuka mjini Mtwara siku hiyo hiyo. Jambo lililosemwa umbali wa mamia ya kilomita liligeuka kuwa tukio la mtaani kabla ya jioni.

Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya, kilicho kando ya Ruvuma mkoani Mtwara, kilivamiwa na watu wenye silaha waliotokea upande wa Msumbiji. Machi 2021, mji wa Palma, ng'ambo ya mpaka, ulishambuliwa na maelfu ya watu wakakimbia makazi yao. Katika vijiji vya mpakani, uvumi ulikuwa ukivuka mto haraka kuliko mtumbwi.

Mahali ambapo redio ya kuaminika haisikiki, uvumi haupati mshindani. Aidha, msikilizaji wa mpakani hakai kimya akisubiri. Husikiliza kile kinachofika. Redio ya taifa ya Msumbiji hutangaza pia kwa lugha za Cabo Delgado, zikiwamo Kimakonde na Kimwani, lugha ambazo zinaeleweka kwa watu wengi wa upande wa Tanzania wenye ndugu pande zote mbili za mto.

Kwa kutambua hali hiyo, katika miaka ya karibuni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, umechangia gharama za kupanua usikivu wa redio za TBC katika wilaya za mipakani. Mantiki ya mfuko huo ni rahisi: kampuni ya biashara haitajenga mnara mahali ambapo wasikilizaji ni wachache na matangazo ya kulipiwa hayapo.

Dijitali: chenga zilipoondoka

Televisheni nayo ilipita katika mabadiliko yake. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuchukua hatua hiyo, kabla ya tarehe ya mwisho ya Juni 17, 2015 iliyokubaliwa kimataifa mjini Geneva mwaka 2006.

Chini ya mfumo wa analojia, mtazamaji aliye mbali na mnara alipata picha yenye chenga, lakini alipata. Mfumo wa dijitali hauna nusu. Ndani ya upeo picha ni safi. Mawimbi yakipungua kidogo tu, picha huganda na kukatika vipande vipande, kisha hutoweka. Mtazamaji aliyezoea kuvumilia chenga alijikuta na kioo cheusi.

Wengi waliokuwa nje ya upeo wa minara ya ardhini waligeukia madishi ya setilaiti. Dishi haliulizi mlima ulipo, kwa kuwa mnara wake uko angani, kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Hata hivyo, nalo lina masharti yake. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizuia baadhi ya ving'amuzi vya setilaiti kubeba chaneli za ndani zisizolipiwa, na kaya zilizotegemea madishi zikazikosa chaneli hizo hadi taratibu zilipobadilishwa baadaye. Zaidi ya hapo, mvuvi hawezi kwenda na dishi baharini, na mvua kubwa, ambayo ndiyo dalili ya hatari, huweza kuyazuia mawimbi ya setilaiti.

Simu za mkononi zimeziba sehemu ya pengo hilo, lakini minara yake inatii sheria ile ile ya upeo. Mahali ambapo redio ya FM imekatika baharini, mara nyingi simu nayo imekatika, au itakatika muda mfupi baadaye.

Gharama ya kukaa juu

Kwa nini basi minara zaidi haijengwi kila palipo na mwinuko? Jibu liko katika gharama ambazo msikilizaji hazioni.

Mtambo wa mlimani unahitaji barabara ya kupandisha vyuma, jenereta na mafuta. Unahitaji umeme usiokatika, betri za akiba, na mtu wa kulinda nyaya za shaba zisiibwe. Unahitaji njia ya kuyafikisha matangazo kutoka studio hadi juu, kwa mawimbi ya kuelekezana au kwa setilaiti. Juu ya yote, unahitaji kinga ya radi, kwa sababu chuma kirefu kilicho peke yake juu ya mlima ndicho radi hukitafuta kwanza.

Milima nayo ina wenyewe. Kilele cha Bondwa kiko katika msitu wa hifadhi ya Uluguru, makazi ya ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Kila barabara na kila eneo linalosafishwa kwa ajili ya mnara lina hasara yake kwa msitu. Ndiyo maana watangazaji huhimizwa kushirikiana katika mnara mmoja badala ya kila mmoja kusimika wa kwake.

Kwa Mtwara, ambako hakuna kilele cha kugombea, njia iliyobaki ni mlolongo: mnara mmoja mkubwa mjini, na mingine midogo ya kurudufu matangazo iliyopangwa kufuata pwani na mto, kila mmoja ukikabidhi sauti kwa mwenzake. Mlolongo wa aina hiyo unagharimu zaidi kwa kila msikilizaji kuliko mlima mmoja mkubwa. Pamoja na gharama hiyo, ndio pekee unaolingana na umbile la nchi hii.

Msikilizaji afanye nini?

Wakati mipango hiyo ikiendelea, yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wa mwananchi wa kawaida.

Kwanza ni kuinua antena. Kwa kanuni ile ile, antena iliyopandishwa hadi mita 10 juu ya ardhi huongeza upeo kwa kilomita 13 hivi. Kwa anayeishi Msimbati au Kilambo, hiyo yaweza kuwa tofauti kati ya kelele na sauti. Antena ya televisheni ielekezwe mnara ulipo, na nyaya zilizochakaa kwa chumvi ya bahari zibadilishwe.

Pili, kila kaya ya pwani iwe na redio ndogo ya betri. Kimbunga hukata umeme kabla ya kufika, na televisheni huzimika wakati taarifa zinapohitajika zaidi.

Tatu, manahodha wasikilize taarifa ya hali ya hewa kabla ya kung'oa nanga, wakiwa bado nchi kavu. Mtu asiyeisikia ufukweni asitegemee kuisikia akiwa majini, kwa kuwa kila kilomita anayokwenda mbele inamtoa katika upeo wa mnara.

Nne, vijiji vilivyo kivulini viwasilishe malalamiko ya usikivu kupitia halmashauri zao na TCRA, vikitaja mahali, kituo na masafa. Ramani za usikivu huchorwa kwa hesabu za kompyuta, na hesabu hizo haziujui kila mkorosho na kila kichuguu. Anayejua sauti inakatikia wapi hasa ni yule anayeisubiri.